Mali Bila Daftari: Kishikwambi Mezani pa Mteja

Mwisho wa mwezi ukifika, keti katika mkahawa wowote wa mjini Thika jioni, wakati wafanyakazi wa viwandani wanapotoka kazini, nawe utawaona. Hukaa wawili wawili. Mmoja ni kijana nadhifu, shati limepigwa pasi na viatu vinang'aa. Mwenzake ni fundi wa kiwandani, au mwalimu, au mama aliyefunga kibanda chake cha nguo huko Makongeni mapema kidogo ili aje amsikilize mgeni. Chai imeletwa. Zamani kati ya vikombe viwili hivyo pangekuwa na karatasi, kalamu na kitabu cha stakabadhi. Siku hizi pana kioo.

Kioo hicho ni chombo ambacho wengi hukiita tableti, na wapendao Kiswahili fasaha hukiita kishikwambi. Ukubwa wake ni kama ule ubao mdogo ambao babu zetu waliubeba kwenda shule za misheni. Ndani yake mna fomu za bima, picha za familia zinazocheka, hesabu za miaka 15 au 20 ijayo, na mahali pa kutia sahihi kwa kidole. Mshauri wa fedha, wakala wa bima na afisa wa mikopo, wote siku hizi hutembea nacho.

Huenda msomaji akauliza: hili nalo lina habari gani? Karatasi imekwenda na kioo kimekuja, kama vile taipureta ilivyokwenda na kompyuta ikaja. Lakini mazungumzo ya fedha si mchezo. Hapo ndipo mtu humweleza mgeni mambo ambayo hata nduguye wa tumbo moja hayajui: mshahara wake, madeni yake, ugonjwa alio nao, na nani atarithi akifa. Chombo kinachoingia katikati ya maneno kama hayo yafaa kitazamwe kwa makini. Je, kimekuja kumsaidia nani?

FEDHA MPYA, MAJERAHA YA ZAMANI

Haikutokea hivi hivi tu kwamba washauri hawa wamejaa sehemu hizi. Nchi hii iliyo kati ya mto Chania na mji wa Ruiru ilijulikana kwa kahawa na mananasi. Aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilipewa jina la mji huo kwa sababu ndiko kiliko kituo cha utafiti wa kahawa. Leo mashamba mengi ya kahawa yamekatwakatwa kuwa ploti. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, safari ya kwenda Nairobi ikawa fupi na bei ya ardhi ikapanda. Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha Ruiru ina wakazi wapatao 490,000 na Thika wapatao 250,000.

Basi fedha zimepita katika mikono ya watu ambao wazazi wao walizoea kulipwa mara moja kwa mwaka na chama cha ushirika. Huyu ameuza ekari moja, yule anapokea kodi za nyumba, mwingine ana mshahara wa kiwandani na marupurupu ya kustaafu yanayokaribia. Palipo na fedha hapakosi mwenye kutoa shauri.

Na watu wa hapa wameumia kwa mashauri. Mipango ya upatu iliyoenea nchini mwaka 2006 na 2007 iliwala Wakenya zaidi ya shilingi bilioni 8, kwa hesabu ya jopo lililochunguza mambo hayo. Mwaka 2018 Ekeza Sacco, chama kilichokuwa na wanachama wengi katika Kaunti ya Kiambu, kilipokonywa leseni, na maelfu ya watu wakabaki wakizungushwa huku na huku wakidai akiba zao. Kwa hiyo mama wa Makongeni anapoketi mbele ya kioo hana moyo mweupe. Anauliza kimya kimya: huyu naye ni nani?

MGENI MWENYE MKOBA

Tusiisifu karatasi kupita kiasi. Wapo wanaomkumbuka wakala wa bima wa zamani, aliyeshuka kwenye basi na mkoba mweusi wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitabu cha viwango ambacho yeye peke yake alijua kukisoma. Mteja alitajiwa umri wake na kiasi cha kulipa, akatia sahihi au alama ya kidole gumba, basi. Fomu ilikwenda Nairobi na kurudi baada ya majuma mengi, na mara nyingi ilirudi na kosa la jina au la tarehe.

Wala karatasi haikuwa ngao. Shirika la serikali la bima, Kenya National Assurance, lilipoanguka mwaka 1996, waliokuwa na hati zake zenye mihuri mizuri walingoja miaka na miaka kulipwa.

Lakini mgeni yule wa mkoba aliacha kitu nyumbani. Aliacha stakabadhi, na baadaye hati ya bima, ambayo mama aliiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo na kitabu cha akiba cha Posta. Mzee akifa, watoto walifungua sanduku na kuona. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wetu waliishika methali hiyo hata pale ambapo hawakujua kusoma kilichoandikwa ndani ya daftari.

KIOO KILIVYOZOELEKA

Wakenya hawakukutana na kishikwambi kwa mara ya kwanza kwa wakala wa bima. Mwaka 2016 serikali ilianza kuwapelekea watoto wa darasa la kwanza vishikwambi shuleni, na moja ya makundi mawili yaliyopewa kazi hiyo lilikuwa la Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, katikati ya Ruiru na Thika, kikishirikiana na kampuni ya Positivo BGH. Mwaka 2017 mpiga kura alitambuliwa kituoni kwa chombo cha namna hiyo. Agosti 2019 makarani wa hesabu ya watu walibisha hodi kila nyumba wakiwa nacho mkononi, ikawa ndiyo hesabu ya kwanza nchini kufanywa bila fomu za karatasi. Majirani zetu wa Tanzania walifanya vivyo hivyo Agosti 2022, na baadaye vishikwambi hivyo wakapewa walimu.

Katika mambo ya mikopo, kampuni ya Musoni iliamua tangu mwanzo kutoshika fedha taslimu, bali kulipa na kulipwa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Baadaye maafisa wake wakapewa vishikwambi vya kujazia maombi ya mikopo papo hapo, mbele ya mteja, badala ya kubeba mafaili kwenda na kurudi.

Kwa hiyo mwananchi amekwisha zoea kuona mtu wa ofisi akimjia na kioo, akimwuliza maswali na kubonyeza. Na hapo ndipo lilipo tatizo. Karani wa hesabu ya watu huuliza nawe hujibu. Kioo ni chake, si chako. Mazoea hayo hayo tumeyapeleka kwenye meza ya fedha zetu wenyewe.

FAIDA ZAKE

Yafaa tuwe wa haki. Kishikwambi kina faida nyingi. Makosa ya majina yamepungua, kwa kuwa kitambulisho hupigwa picha pale pale. Ombi ambalo lilichukua majuma sasa huenda likajibiwa siku ile ile. Mzee ambaye macho yamechoka anaweza kukuziwa maandishi, jambo ambalo karatasi haiwezi. Na mteja akiuliza, "Je, nikilipa elfu 2 badala ya elfu 3 itakuwaje?" jibu lipo kabla chai haijapoa.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Tangu M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, na mikopo mingine ya simu ikafuata, Mkenya anaweza kukopa saa nane za usiku bila kuona uso wa mtu. Hakuna wa kumwuliza swali, hakuna wa kumwambia, "Ndugu yangu, usikope." Kishikwambi, kwa upande wake, huja pamoja na binadamu. Ni njia moja ya kuleta ufundi wa kisasa bila kumfukuza mtu mezani.

KINAELEKEA WAPI?

Hebu tuchukue mfano. Mama yule wa kibanda cha nguo ameketi. Kijana anasema, "Mama, hebu nikuonyeshe kitu kizuri." Anashika kishikwambi kwa mikono miwili, kama mtu anayesoma gazeti, na mgongo wa chombo unamtazama mama. Anauliza, mama anajibu, yeye anabonyeza. Macho yake yako kwenye kioo. Baada ya dakika 20 anakigeuza kwa mara ya kwanza na kusema, "Sasa weka sahihi hapa kwa kidole, mama."

Mama ameona nini? Ameona mgongo wa chombo na paji la uso wa kijana. Kwetu mtu anayesema nawe bila kukutazama ana jambo analolificha, au hana adabu. Huenda kijana hana nia mbaya hata kidogo. Anahofia tu kuruka swali moja na fomu ikakataa kuendelea. Lakini mama hana njia ya kujua tofauti.

Sasa badili jambo moja tu. Kijana anahamisha kiti, anaketi ubavuni mwa mama badala ya mbele yake. Kishikwambi kimelala mezani, kati ya vikombe. Wote wawili wanakisoma. Mama ananyosha kidole na kuuliza, "Na hii namba hapa ni ya nini, kijana wangu?" Kijana analazimika kueleza. Chombo ni kile kile, fomu ni ile ile, lakini mkutano umekuwa mwingine.

Jambo hili halikuwashughulisha watu wa hapa pekee. Huko Uswisi, nchi ya mabenki, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Zurich, akiwemo Profesa Gerhard Schwabe, wamechunguza kwa miaka mingi jinsi mshauri wa benki na mteja wanavyotumia vyombo vya namna hii mezani. Kioo kikitazamwa na wote wawili huweza kumfungulia mteja mambo ambayo zamani yalibaki kichwani mwa mshauri. Lakini chombo hicho hicho huweza kuvuruga mazungumzo, mshauri akahudumia mashine akamsahau mtu. Ikiwa Mswisi mwenye elimu na fedha zake hubaki gizani mezani, sembuse sisi?

HESABU INAYOCHEKA

Kuna hatari nyingine, nayo imejificha ndani ya picha. Kishikwambi kinajua kuchora. Mteja huonyeshwa mstari wa kijani unaopanda kama kilima, na mwisho wake pana fedha nyingi. Tupige hesabu wenyewe.

Mtu akiweka shilingi 3,000 kila mwezi kwa miaka 15, atakuwa ametoa mfukoni shilingi 540,000. Kishikwambi kikipewa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, kitaonyesha kiasi cha shilingi 1,243,000. Kikipewa asilimia 5, kitaonyesha kiasi cha shilingi 802,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 440,000, nayo imeletwa na mwendo mdogo wa kidole cha mshauri. Hakuna mtu aliyefanya kazi zaidi, wala hakuna fedha iliyoongezwa.

Tena bei za vitu hazisimami. Zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, ile milioni 1 na laki 2 na ushei ya baada ya miaka 15 itanunua kiasi ambacho leo hununuliwa kwa shilingi 519,000 hivi. Na hapo hatujatoa gharama za kampuni wala kamisheni ya wakala. Mstari wa kijani hausemi hayo mpaka uulizwe.

Je, mshauri amedanganya? La, hasha. Amesema "ikiwa". Lakini neno "ikiwa" huandikwa kwa herufi ndogo chini ya kioo, na mara nyingi kwa Kiingereza. Kile kilima cha kijani hakihitaji kusomwa, kinaonekana. Wakala wa mkoba alipotaja milioni kwa mdomo, mteja alijua ni maneno ya mfanyabiashara. Kioo kikiitaja, yaonekana kama kwamba mashine imethibitisha. Binadamu humshuku binadamu mwenzake, lakini huona haya kubishana na mashine.

Mkulima wa kahawa ana busara ambayo ingetufaa hapa. Ukimwonyesha picha ya mche wenye matunda mengi, atakuuliza: uko shamba gani niende niuone? Umezaa mara ngapi? Mwaka wa ukame ulikuwaje? Kwa nini fedha zake asiziulizie maswali hayo hayo? Amwambie mshauri, "Kijana, sasa nionyeshe mwaka mbaya." Mshauri mwema atasogeza kidole upande wa pili bila kununa. Atamwonyesha pia akivunja bima baada ya mwaka mmoja au miwili atapata nini, maana kwa kawaida anayevunja mapema hupata kidogo sana au hapati kitu. Huko ndiko wengi wetu huumia, karo ya shule inapokuja na malipo ya kila mwezi yakatushinda.

SAHIHI YA KIDOLE

Sheria zetu zinaitambua sahihi ya kielektroniki. Kidole kilichopita juu ya kioo kina nguvu kama kalamu. Lakini moyo haukijui hivyo. Kalamu ilimfanya mtu asite, avute pumzi, aulize tena. Kidole tunakitumia kutwa nzima kwa vipande vya video na picha za harusi. Ni rahisi mno kutia sahihi mkataba wa miaka 15 kama vile mtu anavyofukuza nzi.

Na kwa kidole hicho hicho mteja hutoa vitu vingi: picha ya kitambulisho, namba ya kodi, namba ya simu, majina ya watoto, habari za afya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema mtu ana haki ya kuelezwa habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Sheria hiyo ina meno, kwani Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza faini taasisi kadhaa, mojawapo ikiwa kampuni ya mikopo ya simu iliyoambiwa ilipe karibu shilingi milioni 3. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika kikamilifu na anachonunua. Haki ziko kwenye vitabu. Mezani huwa zimefunikwa na neno moja la Kiingereza lenye kisanduku kidogo pembeni, "I agree", ambalo kijana hulibonyeza mwenyewe ili asimchoshe mteja.

DAFTARI LA NANI?

Sasa tufike kwenye kiini cha mambo. Mkutano umekwisha. Kijana anafunga kishikwambi, anakitia begini, anashukuru kwa chai na kupanda matatu. Daftari lote limekwenda naye. Lina jina la mama, umri wake, afya yake, fedha zake na ahadi alizopewa. Mama amebaki na vikombe viwili na ujumbe mfupi wa simu unaomwambia karibu katika familia ya kampuni.

Wataambiwa watu, "Hati imetumwa kwa barua pepe." Barua pepe ya nani? Mara nyingi ni ya mtoto aliyeko chuoni, au ni anwani iliyotungwa pale pale na wakala ili fomu ikubali kuendelea. Simu ikiibiwa au namba ikibadilishwa, habari zote zimepotea. Siku mama huyo akifa, watoto watafungua sanduku la bati na kukuta vyeti vya ubatizo tu. Mali haitakuwa imeibwa na mtu. Itakuwa imepotea bila habari.

Basi maoni yangu ni haya. Kishikwambi kiendelee kuja mezani, lakini kije kwa adabu za mgeni. Kwanza, kilale mezani ambapo wote wawili wanakiona, na mshauri aketi ubavuni. Pili, maneno yake yawe kwa lugha ambayo mteja anaielewa. Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii kwa Katiba, wala si hisani. Tatu, kabla ya mwaka mzuri uonyeshwe mwaka mbaya. Nne, mshauri aseme wazi analipwa na nani. Uingereza ilipiga marufuku kamisheni kwa washauri wa uwekezaji tangu mwanzo wa 2013, ikaona ni afadhali mteja amlipe mshauri waziwazi. Hapa kwetu hatujafika huko, lakini kusema ukweli hakungoji sheria. Tano, na hili ndilo kubwa, mgeni asiondoke kabla hajaacha karatasi moja: jina la mpango, namba yake, kiasi cha kulipa, mwaka wa mwisho, warithi, na mahali pa kuuliza. Ukurasa mmoja tu unatosha. Duka la kutoa nakala halikosekani mtaani.

Mteja naye asingoje kupewa. Aje na daftari lake la shilingi 20 na kalamu yake, aandike mwenyewe anayoambiwa, na mwisho amwombe kijana atie sahihi chini ya maandishi hayo. Atakayekataa kutia sahihi maneno yake mwenyewe amekwisha jibu swali lote. Tena aje na mtu mmoja wa kumsindikiza, binti yake au mwenzake wa chama, maana penye wengi hapaharibiki neno.

Hatari ya kioo kile mezani ni kumfanya mwenye fedha kuwa mtazamaji wa mambo yake mwenyewe. Mama wa Makongeni amehesabu nguo zake kila jioni kwa miaka mingi, na hakuna aliyemshinda kwa deni la shilingi 50. Hajapungukiwa akili wala hesabu. Kinachomfaa ni kiti upande ule ambao kioo kinasomeka, na kitu cha kuweka sandukuni mgeni akiisha kwenda zake.